Alipungua sentimita tatu: kuupanga ukurasa wa siku ya Gardaland

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Shela, Malindi. Mwezi wa nane mwaka jana dada yangu aliyeolewa Italia alitualika, na siku moja akatupeleka Gardaland, ile bustani kubwa ya pembea na michezo karibu na Ziwa Garda. Nimerudi na picha 412 kwenye simu, tikiti, ramani ya bustani na risiti ya chakula. Nataka ukurasa mmoja mzuri katika albamu ya kumbukumbu. Nimejaribu mara mbili. Nimebandika picha kumi na moja, nyota za kung'aa, vipande vya ramani, na kila nikiutazama naona vurugu tu. Niweke picha zipi, nizipange vipi, na nifanyeje ili joto letu lisiziharibu? Ningependa na yule joka wa kijani, Prezzemolo, awepo. Siku ilikuwa nzuri, ila mwanangu wa kiume wa miaka saba alilia. Alipopimwa kimo ili apande Raptor, ile treni ya mchezo ya kasi, alipungua sentimita tatu. Ninayo picha yake akinyoosha shingo mbele ya kipimo. Dada yake wa miaka kumi alikuwa amefika kimo, lakini akasema, "Kama yeye hapandi nami sipandi." Wakaishia kula mahamri ya khalati yao kwenye benchi.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi ya mara mbili.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia jicho langu latua palepale ulipoandika "ila". Siku ilikuwa nzuri, ila mwanangu alilia. Umelitaja kama doa kwenye nguo nyeupe. Mimi nakwambia hilo ndilo la kuwekwa katikati ya ukurasa, na mengine yote yasogee kulipisha.

Gardaland ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1975 pale Castelnuovo del Garda, mkoa wa Verona, na tangu siku hiyo imepigwa picha na watu wasio na idadi. Hiyo Raptor yenyewe ilianza kazi mwaka 2011, na ilikuwa ya kwanza ya namna yake kutoka kwa kampuni iliyoiunda: viti vimetokeza ubavuni mwa reli, kulia na kushoto kama mbawa, mpandaji hana kitu juu ya kichwa wala chini ya miguu. Picha zake ziko tele kwenye intaneti, zimepigwa na watu wanaoishi kwa kazi hiyo, kwa kamera za bei ya mashua. Huwezi kuzishinda kwa simu, na huna haja. Lakini mtoto wako akinyoosha shingo aibe sentimita tatu, hiyo dunia nzima unayo wewe peke yako. Miaka thelathini ijayo wanao wakiifungua albamu, hawatauliza reli ilikuwa na mizunguko mingapi. Watauliza, "Ni kweli ulikataa kupanda kwa ajili yangu?"

Ndiyo maana kurasa zako mbili zimekushinda. Picha kumi na moja ni watu kumi na mmoja wanaosema kwa pamoja. Hata wakisema maneno mazuri, husikii neno. Ulikuwa unajaribu kuiweka siku nzima kwenye karatasi moja, na siku nzima haiingii. Tukio moja laingia.

Sasa fungua kabati utoe leso, yaani kanga. Yoyote, ya zamani ndiyo bora. Itandaze kitandani uitazame kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne. Ndani ya pindo kuna mji, uwanja wa katikati wenye mchoro mkuu. Na chini ya mji, karibu na pindo la chini, kuna jina, maneno machache kwa herufi kubwa. Basi. Bibi zetu na mama zetu wamevaa mpangilio huu kwa vizazi, wakaolewa nao, wakabebea watoto nao, na macho yetu yameuzoea kiasi kwamba hatuuoni tena kuwa ni mpangilio. Lakini ni mpangilio uliokamilika. Jicho laingia katikati, latulia, lateremka kwenye jina, kisha pindo lalizuia lisitoke nje. Watu wengi huniletea vitabu vya kigeni vyenye michoro ya kurasa za albamu na kuniuliza wafuate upi. Huwaambia jibu limo kabatini mwao, limekunjwa.

Kwa hiyo ukurasa wako uwe na mji mmoja, pindo moja, jina moja. Nitakupa vipimo kabisa, usibaki unakisia.

Chukua karatasi nene ya A4, isimame wima: sentimita 21 kwa 29.7. Acha pindo la sentimita 2 pande zote. Umebaki na uwanja wa sentimita 17 kwa 25.7. Picha ya mwanao mbele ya kipimo ichapishwe inchi 5 kwa 7, ambazo ni karibu sentimita 12.7 kwa 17.8, nayo isimame wima vilevile. Isukume hadi ukingo wa kulia wa uwanja, ianzie juu kabisa. Usiiweke katikati barabara. Upande wa kushoto utabaki na ukanda mwembamba wa sentimita 4.3, na huo ukanda ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika ukurasa huu.

Hapo utachora kipimo. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 3 na urefu uleule wa picha, uugawe kwa rula: sentimita moja ya karatasi iwe sentimita kumi za kimo. Ukanda wa sentimita 17.8 utafika kimo cha mita 1 na sentimita 78, kwa hiyo hata wewe na baba yao mnaenea. Kisha chora mistari mitatu: kimo kilichotakiwa siku ile, kimo cha kijana, na kimo cha dada yake. Mstari wa kijana utakuwa chini ya ule uliotakiwa kwa milimita tatu. Milimita tatu, mwanangu! Upana wa punje ya mtama. Mtu ataona upenyo ule mdogo, kisha atageuza macho kwenye picha aione ile shingo, na hutahitaji kumweleza kitu. Nyota zako za kung'aa haziwezi kufanya kazi hiyo hata ukibandika mia.

Chini ya picha na kipimo umebakiwa na sentimita 7.9. Acha nusu sentimita ya kupumulia. Halafu upande wa kushoto weka picha ya pili, ndogo, ya watoto wawili benchini na mahamri mkononi, uikate iwe sentimita 7.5 kwa 5. Upande wake wa kulia pabaki wazi kwa maandishi, mistari sita au saba. Mwisho kabisa, sentimita mbili za chini zote ni za jina.

Picha mbili. Najua itakuuma, kwa sababu unazo 412. Hata picha ya familia nzima mbele ya lango usiiweke hapa. Ina ukurasa wake siku nyingine, au ikae kwenye simu.

Jina sasa. Mwanamke akiingia dukani kununua leso hutazama rangi, ndiyo, lakini mkono hauendi kwenye pochi kabla hajauliza jina linasemaje. Jina ndilo leso. Nimeona kurasa nzuri zikifa kwa majina kama "Siku isiyosahaulika" au "Raha tupu Gardaland". Maneno hayo hayana mwenyewe. Ukiyahamishia kwenye harusi au mahafali yanafaa vilevile, na neno linalofaa kila mahali halijasema lolote. Wewe umepewa jina na binti yako, na amelisema kwa mizani ya leso bila kujua:

YEYE HAPANDI NAMI SIPANDI

Nimeondoa "kama" tu, mengine ni yake. Usilinakshi. Liandike kwa herufi kubwa za mkono, katikati, lisigusane na pindo. Huna haja ya herufi za kubandika. Kalamu na rula ya kukuongoza juu na chini vyatosha.

Rangi, usizitafute dukani. Itazame picha kubwa uone nguo ya mwanao ina rangi gani, ukuta au majani nyuma yake yana rangi gani, uchukue mbili hizo tu, ya tatu iwe nyeupe ya karatasi. Leso ya kisutu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna bibi harusi wa pwani hii aliyewahi kulalamika kuwa rangi ni chache. Pindo lako liwe rangi moja, na mchoro mdogo unaojirudia: korosho, au vitone, au vile vipembetatu vinavyofanana na meno ya msumeno. Chonga mhuri kwenye kipande cha kiazi au kifutio, uchovye rangi, ugonge. Watoto wataifanya kazi hiyo kwa furaha, na mchoro ukipinda kidogo ndio vizuri.

Ama Prezzemolo. Wewe wa Malindi, na mji wetu umejaa Kiitaliano, huenda tayari wajua kwamba jina lake ni la mboga, yale majani madogo ya kunyunyizia chakulani yanayofanana na kotimiri. Na Waitaliano wana msemo: mtu akiwa haoni shughuli akakosa kutokea, humwita prezzemolo, kwa kuwa majani hayo hutiwa kila sufuria. Hiyo ndiyo hatari ya joka wako. Ukimkata ramanini ukamweka pembe nne, atautawala ukurasa, na ukurasa si wake. Mweke mara moja, mdogo kama sarafu ya shilingi kumi, na umweke panapo kazi: juu ya ukanda wa kipimo, akichungulia chini kwa kijana. Na usiikate ramani yenyewe. Ipige fotokopi ya rangi ukate fotokopi. Ramani halisi ikunjwe ikae katika bahasha nyuma ya ukurasa. Siku moja mtu atataka kujua benchi lile lilikuwa upande gani wa bustani, na ramani yenye matundu haitamwambia.

Nije kwenye maandishi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo watu wanapochoka na kuandika tarehe tu.

Ninayo picha ya mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, imepigwa Lamu kabla sijazaliwa. Wanawake watano wamesimama usita (njia) wa pwani, mabuibui yamefunguliwa kifuani, wanacheka kwa jambo ambalo mpiga picha hakulinasa. Nyuma ameandika kwa mkono wake: "Sisi, Idi." Mama namjua. Mmoja nadhani ni shangazi. Watatu sikupata kuwajua hata baada ya kuizungusha picha ile kwa kila mzee aliyebaki mtaani. Yeye alipoandika "sisi" alijua vizuri sana ni akina nani, na hakufikiri kwamba siku itakuja ambapo ataulizwa na hayupo. Tangu hapo siruhusu neno "sisi" peke yake katika albamu yoyote inayopita mikononi mwangu. Andika majina kamili, hata ya wanao, hata lako. Andika umri. Andika mahali kwa ukamilifu: Gardaland, Castelnuovo del Garda, Italia. Andika nani alishika simu, kwa sababu mpiga picha ndiye pekee asiyeonekana, na kwa kawaida ni mama.

Halafu waulize watoto, kila mmoja kwa wakati wake, mwingine asiwepo. Usiwaulize "Ilikuwaje?" kwa sababu watajibu "Nzuri." Uliza vitu vya mwilini: Ulisikia nini ulipokuwa unapimwa? Yule mfanyakazi alisema neno gani, na ulilielewa? Mahamri yalikuwa bado ya moto? Muulize binti yako alikuwa anafikiri nini wakati anasema maneno yale, na kama aliwahi kujuta. Huenda akasema alijuta kidogo. Liandike na hilo, lampandishia heshima. Andika wanavyosema, kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu. Mtoto akisema "nlikua natetema" usimsahihishe liwe "nilikuwa nikitetemeka". Sauti ya mtoto wa miaka saba huondoka bila kuaga, na picha haiwezi kuishika.

Kwenye ule uwanja mdogo mbele utatosha maneno kama arobaini. Yaliyozidi yaandike nyuma ya ukurasa, tena kwa raha. Nyuma hakuna anayekuwekea mpaka.

Jambo moja kabla hujabandika. Muulize kijana kama anaridhika picha hiyo iwepo. Ana miaka saba, na alilia mbele ya watu. Usiweke picha ya machozi hata kama ni nzuri. Picha ya kunyoosha shingo yamwonyesha akijaribu, na mwenye kujaribu hana aibu. Akikataa hata hiyo, subiri mwaka mmoja umuulize tena. Akiichukia, mjukuu wako hataifungua kwa furaha, na kazi yote hii itakuwa ya bure.

Sasa joto na unyevu, ambavyo watu wa nchi za baridi wanaoandika vitabu vya ufundi huu hawavijui kama tunavyovijua sisi.

Anza na ile risiti, na ikiwezekana tikiti pia. Ikwaruze pembeni kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi umetokea, hiyo ni karatasi ya joto: haina wino, maandishi yake yametokana na kemikali inayogeuka nyeusi inapopashwa moto. Jua huifuta, na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani huifanya nyeusi yote. Mwaka mmoja Malindi waitosha. Ipige fotokopi leo, si wiki ijayo, ubandike fotokopi, na halisi ikae kwenye bahasha ya karatasi mbali na picha.

Karatasi. Gazeti la juzi lililoachwa dirishani hugeuka manjano kwa sababu lina lignini, ile gundi ya asili ya mti, na asidi. Karatasi ya albamu ikiwa na vitu hivyo itaipaka manjano na picha iliyolala juu yake. Dukani uliza karatasi isiyo na asidi. Ikikosekana, karatasi nzuri nyeupe ya printa ya gramu 160 au zaidi ni salama kuliko manila ya rangi, ambayo rangi yake hutoka ikiguswa na unyevu. Kata pembe ya manila uiloweke kwenye kijiko cha maji usiku kucha. Maji yakibadilika rangi, iachie kazi za shule.

Gundi ndiyo iliyoua picha nyingi zaidi pwani. Selotepu usiitumie kabisa: hukauka ikaanguka, ikaacha doa la kahawia lisilotoka. Gundi ya majimaji huikunja karatasi. Uji wa unga, ambao wengi tulibandikia daftari zetu, ni chakula cha wadudu, na wadudu wetu hawalali. Picha zenyewe mimi sizitii gundi hata kidogo. Nazivalisha vipembe. Chukua kipande cha karatasi nyeupe cha sentimita 2 kwa 4, kunja ncha zake mbili ziteremke zikutane katikati, upate pembetatu yenye mfuko. Ingiza pembe ya picha mfukoni, ubandike mgongo wa kipembe kwa gundi ya kijiti. Vinne kwa kila picha. Picha imekaa imara, na siku ukitaka kuitoa yatoka ilivyoingia.

Nasema hivi kwa uchungu. Picha zangu za harusi niliziweka katika zile albamu za kurasa zinazonata zenye plastiki juu, zilizokuwa fahari ya kila sebule miaka ya themanini. Leo kurasa ni rangi ya chai, na picha sita zimegandana na plastiki kiasi kwamba ukivuta, uso wabaki upande mmoja na karatasi upande mwingine. Kama mama yako anazo albamu za namna hiyo, na hakika anazo, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha polepole, ukisugua kama msumeno, na picha itaachia. Iliyogandana na plastiki ya mbele usiivute. Ipige picha ilivyo, uiache.

Uchapishaji wenyewe una mitego miwili. Picha alizokutumia dada yako kwa WhatsApp, kama zipo, zimepunguzwa njiani. Ukizichapisha kwa ukubwa wa inchi 5 kwa 7 zinaweza kutoka na ukungu. Mwombe akutumie tena kama dokumenti, na hazitapunguzwa. Inchi 5 kwa 7 hutaka picha yenye pikseli 1500 kwa 2100 ili itoke kali. Na studio wakikuuliza wailamineti, kataa. Picha iliyolaminetiwa haifunguki tena, na unyevu ukiingia pembeni huko ndani haupati pa kutokea. Ukitaka kujua kama wino wa printa yao unafaa, waombe karatasi ya majaribio, uitie tone la maji, ungoje dakika tano, ufute. Ikichuruzika, nenda kwingine.

Kuandikia, tafuta kalamu za kuchorea zenye wino wa pigmenti. Haufifii upesi kama wino wa kawaida na maji hayaulambi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, usije ukauona mwandiko kwa mbele.

Kama utapenda kutumia kipande cha leso halisi kwenye pindo, na ningefurahi, kisiwe cha leso mpya. Leso mpya ina wanga mwingi, nao huwaita wale vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, na nyekundu yake hutoka. Chukua leso iliyokwisha kufuliwa mara hamsini, iliyochanika, isiyovalika tena. Ya bibi yao ikipatikana, kata ukanda kwenye upande wenye pindo, uushone kwenye karatasi kwa uzi na sindano badala ya gundi.

Ukurasa ukikamilika uingize katika mfuko wa plastiki wa faili, lakini chagua plastiki kwa pua. Inayonuka kama koti jipya la mvua ni PVC, nayo hutoa hewa inayoharibu picha. Ile ngumu kidogo, isiyonuka, inayolia chakacha ukiikunja, ndiyo polipropilini, na hiyo yafaa. Usizibe mdomo wa mfuko. Fanya kazi yote hii wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kuliko masika. Karatasi iliyofungiwa siku za masika imefungiwa pamoja na maji. Ukungu huota unyevu hewani ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu, na huku kwetu siku za namna hiyo ni nyingi. Kwa hiyo albamu isimame rafuni kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, isiegemee ukuta wa nje unaopigwa na mvua, isilale sakafuni, isifungiwe kwenye mfuko wa nailoni. Izungushie leso safi ya pamba. Na kila mwezi ifungueni, mpigishe kurasa upepo dakika kumi. Ni dawa ya ukungu, na ni sababu ya kukaa pamoja mkaitazama.

Picha 410 zilizobaki usizifute. Zihamishe kutoka kwenye simu, uweke nakala mbili mahali pawili tofauti, moja kwako na moja kwa dada yako Italia. Simu ya Malindi huanguka baharini.

Limebaki la nyuma ya ukurasa. Umekwisha kuandika maneno ya watoto hapo, na bahasha ya ramani imo. Acha nafasi chini yake, uchore ukanda wa pili wa kipimo, mtupu, wenye ule mstari mmoja tu wa kimo kilichotakiwa. Kila Idi, watoto wakisha kuvaa nguo mpya, kabla hawajatoka, msimamishe kijana mlangoni umpime, uchore kistari na mwaka wake. Pengine Idi ya pili tu atakuwa ameuvuka.

Na jina lile la mbele, YEYE HAPANDI NAMI SIPANDI, muulize kijana kama angependa kuliandika yeye kwa mkono wake. Ni maneno ya dada yake, lakini yeye ndiye aliyeyasikia akiwa analia.